Deni la Tavtetra

Haya yalitokea mwaka 1986, mwishoni mwa majira ya baridi, wakati theluji ilikuwa imebaki vivulini tu na watu wa Zvarula, kijiji chetu, walikuwa wakinoa visu vya kupogolea. Mwaka uliotangulia, amri ilikuwa imeshuka kutoka juu kwamba watu wanakunywa kupita kiasi, na kwamba dawa ya ulevi ni kung'oa mizabibu. Sisi tuliona ni sawa na kumkata ng'ombe miguu kwa sababu mtoto amemwaga maziwa. Lakini hakuna aliyetuuliza.

Aliyekabidhiwa trekta na mwendeshaji wake ni Varlam, msimamizi wa kikosi katika shamba la ushirika. Alikuwa mzee mkimya, mwenye masharubu meupe, aliyezaliwa ukingoni mwa shamba lile lile aliloamriwa kuling'oa. Safu ya juu kabisa, chini ya ukuta wa mawe, ilikuwa imepandwa na baba yake kabla ardhi haijaunganishwa kuwa ya ushirika, nayo ilikuwa safu ya Tavtetra. Jina hilo maana yake ni Kichwa Cheupe, kwa kuwa zabibu zake zikiiva hufunikwa na unga mweupe kama nywele za ajuza. Ni zabibu nyeupe inayochelewa kuliko zote. Tuliichuma theluji ilipokwisha kugusa vilele, na divai yake ilikuwa na rangi ya majani makavu ya mwaloni na ukali wa tufaa bichi. Nje ya Zvarula haikujulikana, na ndani ya Zvarula ilikuwa imebaki mahali pawili tu: katika safu hiyo ya Varlam, na katika ua wa jirani yake, mjane Nazibrola, ambako mzabibu mmoja ulipanda juu ya mpea mkubwa hadi kileleni, kama babu zetu walivyoizoesha mizabibu kupanda miti.

Mkaguzi aliyetoka mjini alisimama kando ya shamba na viatu vyake vya mpira, wala hakuondoka mpaka mizizi ya mwisho ilipowashwa moto. Varlam hakubishana naye. Mwendesha trekta ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mzee Varlam, unang'oa ya baba yako na hata jicho halipepesi?"

"Kwa Nazibrola ipo," Varlam akajibu. "Baba aliwaazima. Nitakwenda kudai."

Kwetu mzabibu hautolewi zawadi. Kijiti kilichotolewa bure hakishiki. Ndivyo tulivyolelewa kuamini. Mzabibu huazimwa. Mwenye nao hufunga fungu la vijiti lenye unene wa kifundo cha mkono, hulizungushia kitambaa chenye unyevu na kusema, "Nakuazima. Siku yangu itakapokosekana, utanirudishia." Anayepokea hujibu, "Siku hiyo sitakuuliza sababu." Siku ya mtu hukosekana mzabibu wake unapopotea. Deni hilo hurithiwa pamoja na nyumba. Wakati wa vita, mvua ya mawe ilipoimaliza mizabibu ya baba mkwe wake Nazibrola, baba yake Varlam ndiye aliyemwazima Tavtetra, akaifunga katika kitambaa cha kichwa cha mkewe. Kitambaa hicho cha buluu Nazibrola alikuwa akikitunza sandukuni, kati ya mashuka yake ya mazishi.

Nilikuwa nyumbani kwake siku Varlam alipokuja. Mimi, jirani yake, na Nazibrola tulikuwa tukitoa maharagwe kwenye maganda barazani. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mikubwa na ulimi mkubwa zaidi, na tangu mumewe Iasoni alipofariki, hakuwa amevua nguo nyeusi.

"Umekuja kunizika au kunidai?" akamwuliza kabla hajafika ngazini.

"Kukudai."

"Afadhali. Kaburi sijalichimba bado."

Varlam akavua kofia. "Nazibrola, siku yangu imekosekana."

Nazibrola akajifuta mikono, akasimama wima. Nilimwona akirefuka. "Sitakuuliza sababu," akasema. "Moshi niliuona. Ngazi iko nyuma ya zizi, kailete mwenyewe. Wanaume wa nyumba hii wamelala."

Sharti nieleze jambo moja, kwa maana ndilo lililoleta msiba. Mwenye mzabibu akifariki, mzabibu wake huachwa uomboleze. Kwa miaka mitatu hauguswi na kisu, wala hausemwi kwa kutozaa. Iasoni alikuwa amefariki katika baridi ile kuu iliyopasua mitungi ya divai ardhini, na tangu hapo mzabibu wa kwenye mpea haukutoa hata kishada. Nazibrola alijivunia jambo hilo kanisani na kisimani. "Unamlilia kuliko nilivyomlilia mimi," alikuwa akisema. "Mimi angalau nilikula." Miaka mitatu ilikuwa ndiyo kwanza imetimia, na kisu cha Iasoni alikuwa amekwisha kukipaka mafuta.

Varlam akapanda ngazi, akakata kijiti, akakitazama kwa muda mrefu. Akakata cha pili. Kisha akashuka, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kufukua udongo shinani kwa mikono yake.

"Unatafuta nini huko chini?" Nazibrola akauliza. "Zabibu huwa juu."

"Njoo uone."

Tukaenda. Tangu zama za bibi zetu, kidudu cha mizizi kilipoingia nchini, kila mzabibu mwema hubebeshwa juu ya mzizi wa kigeni, mzizi mwitu ambao kidudu hakiuwezi lakini hauzai kitu cha kutia kinywani. Mahali viwili vilipoungana hubaki fundo. Varlam alikuwa amelifikia fundo. Lilikuwa jeusi, na gome lake lilibanduka mikononi kama ganda la mkate ulioungua. Chini ya fundo, ubavuni, kutoka kwenye mzizi wenyewe, ndipo lilipotoka shina nene, lenye afya, lililokuwa limepanda mpea wote.

"Tavtetra imekufa," Varlam akasema. "Imekufa katika baridi ile ile. Yeye na Iasoni wamekwenda pamoja."

"Mwongo! Majani niliyaona kila mwaka."

"Majani ya mzizi, mama. Umelea mtoto wa kambo miaka yote hii, na wako yuko ardhini."

"Na wewe macho yako yalikuwa wapi? Ukuta kati yetu haunifiki kiunoni!"

"Nilidhani unaomboleza," Varlam akasema.

Hakuna aliyecheka. Varlam akakaa chini pale pale kwenye matope, mzee mzima, akavitazama vile vijiti viwili vyekundu vyembamba.

"Basi nimeimaliza mimi," akasema. "Vijiti vya safu nzima vilikuwa mkononi mwangu. Nimevitazama vikiungua. Sikuficha hata kimoja, kwa kuwa kwako ipo." Kisha akainua uso. "Iasoni hakumwazima mtu mwingine?"

Mimi nilimtazama Nazibrola, naye akatazama kuku.

Varlam akasimama, akavaa kofia. "Haya. Deni nimelifuta."

Laiti angalimtukana, ingalikuwa heri. Kwetu hufutwa deni la nyumba iliyokwisha, nyumba isiyo na mtu wa kulipa. Nazibrola alimfuata mpaka langoni akipaza sauti, "Hulifuti! Unasikia? Hatujafa sisi! Mimi hapa nimesimama!" Varlam hakugeuka.

Tangu siku hiyo Varlam hakutoka nyumbani. Majirani waliompelekea mkate wa mahindi waliukuta siku ya pili pale pale walipouweka. Shamba lake likalimwa ili lipandwe mahindi. Nazibrola naye alifanya kazi zake zote kwa kelele, akivunja vyombo.

Nikavumilia kwa siku kadhaa, kisha nikamwambia, "Huko Gvimrala ipo."

"Usinitajie."

"Ulitaka kumwambia Varlam ukameza. Nilikuona."

"Nilimeza mate."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada yangu."

"Mgongo wangu umezeeka."

"Mbona ulimi haujazeeka?"

Kule Gvimrala, ng'ambo ya mlima, ndiko alikoolewa binti yake wa pekee, Tsiala. Niseme kwa usahihi: hakuolewa, alitoroka, akamfuata mwalimu mmoja aitwaye Murtazi, na mama yake akaapa kwamba hatavuka kizingiti cha nyumba hiyo. Baba ni baba. Msimu uliofuata Iasoni alivuka mlima na fungu la vijiti chini ya koti. Nazibrola aliyaona makovu mapya kwenye mzabibu akayanyamazia, na huo ndio ulikuwa upole wake wote. Iasoni alipofariki, Tsiala alikuja mazishini na mkate aliouoka kwa mikono yake. Mama yake aliurudisha mkate ule langoni, mbele ya kijiji kizima. Hawakuwa wameonana tena.

Tulikwenda na lori la maziwa. Nazibrola alikuwa amekichukua kitambaa cha buluu, na njia nzima alinieleza atakayosema. Maneno yote yalikuwa makali na hakuna hata moja lililofaa.

Tulipofika, uani palikuwa na karamu. Murtazi alikuwa amefanywa mwalimu mkuu. Nguruwe alikuwa amechinjwa, na wanaume walikuwa wakitunga nyama kwenye vyuma. Juu ya lango palisimama fremu ya miti ya kubebea mzabibu, tupu. Chini yake kilikuwapo kisiki kilichokatwa karibuni, kimepakwa lami. Nazibrola alikitazama kama mtu anayesoma jina juu ya kaburi.

Murtazi akatukimbilia huku akifunga kifungo cha kola. "Mama! Karibu, mama! Laiti ungalituarifu tungali…"

"Umeukata."

"Mama yangu, nifanyeje? Mwalimu mkuu, na mzabibu juu ya lango? Wangesema nafundisha watoto ulevi. Wiki iliyopita tu, wakaguzi walipita barabarani." Akateremsha sauti. "Nilikuwa na mtungi mmoja tu wa divai yake. Nimeufukia."

"Na vijiti?"

Murtazi hakuelewa, lakini mkono wake ulielewa. Ulielekea penye moto. Pembeni mwa zizi yalikuwapo mafungu ya vijiti vya mzabibu, kwa kuwa nyama haichomwi kwa kaa la mti mwingine, si huko wala kwetu. Mengi yalikuwa yamekwisha kuwa majivu. Fungu la mwisho lilikuwa mikononi mwa mchoma nyama, naye alikuwa akilitupa motoni wakati ule ule.

Nazibrola hakupiga kelele. Alipita kati ya wageni kwa mabega, akaingiza mkono katika moto, akalivuta fungu nje, akalikanyagakanyaga.

"Ala! Bibi, umeungua!" mchoma nyama akapaza sauti.

"Mkwe wetu kaja kuiba kuni," mwingine akasema, na meza ikacheka.

Nazibrola akakaa chini na fungu mapajani, akatoa kisu cha Iasoni mfukoni, akaanza kukwangua magome, kijiti baada ya kijiti. Palipo uhai, chini ya gome huwa kijani. Cha kwanza kilikuwa cha kahawia. Akakitupa. Cha pili, kahawia. Vya juu vyote vilikuwa vimepigwa na upepo na moshi. Wageni waliacha kucheka, kwa sababu haikuwa karamu tena. Kisha, ndani kabisa, katika vile vilivyokuwa vimelala juu ya ardhi yenye maji, kisu kikaonyesha kijani, chembamba kama uzi.

Hapo ndipo alipoona miguu mbele yake. Tsiala alikuwa ametoka jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na kidevu cha mama yake.

"Hivyo ni vyangu," Tsiala akasema.

"Najua."

"Baba aliniazima mimi, hakumwazima Murtazi. Nilikuwa kwa mama mkwe Murtazi alipoukata. Nimekaa siku mbili bila kumsemesha."

"Siku mbili," Nazibrola akasema. "Wewe mpole. Umemrithi baba yako."

"Unavitaka?"

Hakuna kinachomshinda mzazi kama kudai kwa mtoto aliyemfukuza. Maana anayedai mzabibu kwa kanuni amekiri kwamba anayedaiwa ni mwenye nyumba, na kwamba nyumba yake ni nyumba.

"Mkate wangu uliurudisha langoni," Tsiala akasema kwa sauti ya chini. "Nilitembea nao mlima mzima kurudi. Niliwapa mbwa wa watu."

Nilidhani Nazibrola ataondoka. Aliinuka, akaenda mezani mbele ya wageni wote, akachukua mkate uliotoka jikoni kwa bintiye, akaumega kwa mkono ulioungua, akala amesimama. Alikula kipande chote, polepole, hata chembe za kiganjani.

"Umezidisha chumvi," akasema.

Tsiala akaweka kiganja chenye unga mdomoni. Sikuweza kujua kama anacheka.

"Tsiala," mama yake akasema, "siku yangu imekosekana."

"Sitakuuliza sababu, mama."

Wakaketi pamoja chini, wakamaliza fungu. Vilivyopatikana hai, hata vikishikwa pamoja, havikufika unene wa kidole gumba.

Katika lori Nazibrola alivipakata ndani ya kitambaa kilicholowa, kama mtu anayepeleka mtoto kwa daktari. Kiganja chake kilikuwa kimevimba. Murtazi alikuwa amekipaka mafuta ya nguruwe huku akiomba radhi kwa namna ambayo haikutofautisha mkono na mzabibu.

"Utabakiza kimoja?" nikamwuliza. "Cha kaburini kwa Iasoni."

"Iasoni hana haraka."

"Ungeutuliza moyo wako kwa kimoja tu."

"Dawa ya deni ni kulipa," akasema, "si kupunguza." Lakini nilimwona akikipapasa kitambaa kwa kidole, njia nzima, akigusa kijiti kimoja kimoja.

Kesho yake asubuhi nilisikia msumeno uani kwake. Alikuwa ameukata mzabibu wa kambo karibu na ardhi, kwa mkono wa kushoto, akaufukua mzizi ukabaki wazi, unavuja maji. Kisha akajifunga mtandio mweusi wa sufu, akaniita tuvuke ukuta pamoja.

Varlam alikuwa ameketi mlangoni pa ghala, bila kofia. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Deni nilikwisha kulifuta," akasema alipomwona.

"Halikuwa lako kulifuta. Aliyeazima ni baba yako. Ukitaka lifutwe, nenda kamwulize."

"Nimo njiani, usijali."

"Basi nenda na mkono mtupu, akuulize umefanya nini na safu yake. Mimi kwangu nitakuwa nimemaliza."

Kidogo Varlam akatabasamu, nami nikamshukuru Mungu, kwa kuwa mtu anayetabasamu atakula. Lakini alipoona kilichokuwa mikononi mwa Nazibrola, uso wake ukabadilika. Akanyoosha shingo.

"Ni nini hicho?"

"Ni vichache," Nazibrola akasema. "Unene wa kifundo haukutimia. Uliosalia utanidai mimi, na nikifa utamdai Tsiala wa Gvimrala. Yupo."

Varlam alichukua kijiti kimoja, akakinusa. "Vinanuka moshi."

"Vimetoka motoni."

"Huenda visishike."

"Huenda."

"Hata kimoja."

"Nimesema huenda, Varlam. Unataka niimbe?"

Akakitazama kijiti, akalitazama shamba jeusi lililolimwa. "Nitavibebesha juu ya nini? Mizizi yangu yote wameichoma."

"Uko wa kwangu. Wa kambo. Nimeukata leo asubuhi, maji yanautoka. Huo sikulipi, nakuazima." Akapumua. "Kisu cha Iasoni nacho kiko pale, ukitaka. Mkono wangu hautakishika kwa sasa."

Varlam alitazama kitambaa. Alikitambua. Mama yake alikivaa kila Jumapili, na upindo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu alioutoa kwenye shati la Varlam la utotoni. Varlam alisimama, kwa shida, akishika kizingiti, na akapangusa mikono yote miwili kwenye koti lake, kiganja na kiganja, kama mtu anayekwenda kupokea ushirika mtakatifu.

Nazibrola akavifunga tena vile vijiti, akaingiza ncha za kitambaa ndani zisining'inie, akamwekea mikononi.

"Mlichotuazima," akasema, "chukueni."